Sahani za Moto juu ya Katanga

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa filosofia alinijia baada ya masomo, simu mkononi. Ndani yake mlikuwa na picha ya karatasi ya zamani iliyopigwa kwa mashini, yenye mihuri na mistari. Akasema: «Padri, soma mwenyewe. Serikali ya Marekani ilijua tangu mwaka 1952 kwamba viumbe wa nyota nyingine walikuja kwetu Katanga. Wakatuficha.» Nikaisoma. Kiisha nikaisoma mara ya pili, kwani karatasi yenyewe ni ya kweli. Si mchezo wa mtu apendaye kudanganya wenzake. Imetoka katika nyumba ya wapelelezi wa Marekani, wale waitwao CIA, na tarehe yake ni 16 Agosti 1952. Lakini karatasi ya kweli si lazima ichukue habari ya kweli. Hilo ndilo nataka tulitazame pamoja, kwa sababu najua ya kuwa ninyi mapadri parokiani na ninyi wakatekista vijijini mwaulizwa na vijana maswali ya namna hii, na kuwacheka si kuwajibu.

Basi karatasi yasema nini? Yasimulia kwamba sahani mbili za moto zilionekana juu ya migodi ya uraniumu, kusini mwa Congo ya Wabelgiji, upande wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mashariki ya mto Luapula. Ziliteleza angani na kupinda vizuri. Aliyezitazama kutoka chini aliziona mara kama sahani, mara kama yai, mara kama mstari tu. Ghafula zikasimama mahali pamoja, kiisha zikaondoka zikienda huku na huku kuelekea kaskazini-mashariki. Waliosimama chini walisikia mlio mkali, kama wa nyoka na wa nyuki pamoja. Mambo yote yalidumu dakika 10 au 12. Komanda mmoja aitwaye Pierre, wa uwanja mdogo wa ndege wa Elisabethville, akazifuata mara moja kwa ndege ya vita. Akazikaribia mpaka meta 120. Aliona chombo cha mviringo chenye upana wa meta 12 mpaka 15, rangi yake kama aluminiumu. Ukingo ulikuwa umefunikwa na moto, ukizunguka upesi sana, lakini katikati palitulia kabisa, pana kifundo na vitundu vidogo. Baada ya dakika 15 akashindwa kuzifuata. Zilikimbia moja kwa moja kuelekea ziwa Tanganyika, kwa mwendo ambao yeye aliukadiria kuwa kilometa 1,500 kwa saa.

Niseme kwanza mema yake. Aliyeandika hakupiga makelele. Ametoa vipimo, ametaja rangi, ametaja sauti. Tena kuna neno moja ambalo vijana wetu hulipita bila kuliona: komanda huyo alidhani haiwezekani mtu awe ndani ya chombo, kwa sababu ya moto na ya mwendo usio sawa. Katika karatasi nzima hamna kiumbe hata mmoja wa nyota nyingine. Mwanafunzi wangu alipoisoma, aliwatia ndani yeye mwenyewe. Nilipomwomba anionyeshe mstari unaowataja, aliitafuta simu yake juu mpaka chini, akanyamaza.

Sasa tuje kwa makosa. La kwanza ni siku. Habari yasema tu kwamba jambo limetokea karibuni. Siku gani? Mwezi gani? Asubuhi ama jioni? Hakuna. La pili ni mahali, na hapa mtu wa Katanga hahitaji kwenda chuo kikuu. Luapula hutoka ziwa Bangwelo na kuingia ziwa Mwero, na kila mvuvi wa Kasenga ajua kwamba mashariki ya mto huo si Congo. Wakati ule ilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Leo ni Zambia. Na mgodi wa uraniumu, ule wa Shinkolobwe, haukuwa huko hata kidogo. Upo karibu na Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville, yaani kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, zaidi ya kilometa 100. Mwandishi ameweka mgodi upande mmoja wa mji, na mto upande mwingine, kisha amevichanganya kama mtu aliyetazama ramani usiku bila taa.

Kutoka hapo kosa la tatu lajionyesha lenyewe. Kama mambo yote yalidumu dakika 10 au 12, komanda alipata wapi nafasi ya kuitwa, ya kuwasha ndege, ya kuruka zaidi ya kilometa 100, na kisha ya kuzifuata sahani dakika 15? Tena yasemwa kwamba alisikia mlio wao mkali katikati ya ngurumo ya ndege yake mwenyewe. Aliyepata kupanda ndege ndogo mara moja ajua kwamba hata neno la jirani yako hulisikii.

La nne ni mashahidi. «Komanda Pierre» ni nani? Pierre ni jina la ubatizo. Ni kama kuandika kwamba askari Petro aliona ajabu, na kuacha hapo. Karatasi yamwita afisa wa kuaminiwa, lakini haisemi ni nani amemwamini. Na wale waliosikia mlio kutoka chini, ni akina nani? Wazungu wa mgodi? Wafanyakazi wetu? Watoto wa shule? Nawakumbusha wanafunzi wa teolojia kwamba kanuni za Roma juu ya maono na matokeo, zile za mwaka 1978 na zile mpya za mwaka 2024, zamtaka askofu apeleleze kwanza tukio lenyewe na watu wenyewe. Mwanamke wa kijijini akisema amemwona Bikira Maria mtoni, twamwuliza jina, siku, mahali, na ni nani aliyekuwa pamoja naye. Sioni kwa nini tumhurumie komanda zaidi ya mwanamke yule.

Lakini la kunishangaza si hayo. Karatasi hii, iliyofanya vijana wa leo watetemeke, chanzo chake ni gazeti! Ni habari iliyotoka katika *Die Presse* la mji wa Vienna tarehe 29 Machi 1952. Wapelelezi waliitafsiri tu, na juu ya ukurasa wao wenyewe waliandika kwamba habari hizi hazijapimwa. Mtu yeyote wa Vienna mwenye fedha ya kununua gazeti aliisoma akinywa kahawa yake. Kisha ikaingia Washington, ikatiwa muhuri, ikawekwa kati ya makaratasi yasiyoonyeshwa watu. Na ilipotoka tena baada ya miaka mingi, ilikuwa imepata heshima ambayo gazeti halikuwa nayo. Hamna neno lililoongezwa. Muhuri tu ndio umeongezwa. Makaratasi mengi ya namna hiyo yalitolewa mwaka 1978, kurasa karibu 900, baada ya watu kuliita shirika lile mahakamani. Laiti wangaliyaonyesha tangu mwanzo, ni nani angaliyajali?

Tuulize sasa kwa nini tafsiri ilifanywa mwezi wa Agosti, hali gazeti lilitoka Machi. Mwezi wa Julai 1952 ulikuwa mwezi wa fujo huko Marekani. Usiku wa 19 na tena wa 26, radari za uwanja wa ndege wa Washington zilionyesha vitu visivyojulikana juu ya mji mkuu wenyewe, na ndege za vita zilitumwa kuvitafuta. Tarehe 29 Julai jenerali Samford aliwaita waandishi wa magazeti, akajaribu kuwatuliza, akieleza kwamba hewa ya moto na ya baridi ikipandana huweza kuidanganya radari. Wakati kama huo ofisi hukusanya kila kitu, hata takataka. Ndivyo sahani za Katanga zilivyopata nafasi mezani.

Mwezi wa Januari 1953 CIA iliwaita wataalamu watano wa sayansi, mkubwa wao H. P. Robertson, mmoja wao Luis Alvarez, ambaye baadaye, mwaka 1968, alipata tuzo ya Nobel. Walikaa siku chache tu. Waliona kwamba hakuna alama ya hatari katika sahani zenyewe. Hatari waliiona kwa watu: kwamba raia wakiogopa na kupiga simu wote pamoja, njia za habari zitaziba, na adui atapata nafasi. Wakashauri watu wafundishwe, hata kwa sinema na televizio, ili mambo hayo yaondolewe fumbo lake. Shauri jema! Ila shauri lenyewe, pamoja na jina la shirika lililoliomba, vilifichwa kwa miaka. Waliandika dawa ya kuondoa fumbo, kisha wakaifungia kabatini.

Mtu ataniambia: Padri, serikali yoyote ina siri zake, na wakati wa vita haiwezi kutangaza kila kitu. Nakubali. Mwanahistoria mmoja wa CIA, Gerald Haines, aliandika mwaka 1997 kwamba zaidi ya nusu ya habari za vitu vya angani, kutoka mwisho wa miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1960, zilitokana na ndege za upelelezi kama U-2, ambazo serikali haikutaka kuzitaja. Wengine wameshindana naye juu ya hesabu hiyo, nami siwezi kuamua kati yao. Lakini njia yaeleweka: jeshi lina ndege ya siri, mkulima aiona ikimeta juu sana, auliza, ajibiwa uongo kidogo, naye ajua kwamba ni uongo. Tangu siku ile hataamini hata wakimwambia kweli.

Kwetu Katanga siri ya kweli haikuwa angani. Ilikuwa chini ya miguu. Shinkolobwe ilijulikana tangu mwaka 1915, na tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitoa humo radiumu. Jiwe lake lilikuwa na uraniumu nyingi kuliko karibu migodi yote ya dunia. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, akiogopa Wadachi, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, yakawekwa katika bohari ya Staten Island. Mwezi wa Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani alikuja ofisini kwake kuyanunua. Mwaka 1944 Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilifanya mapatano ya siri juu ya uraniumu ya Congo. Na tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima ukaungua, na sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ile ilikuwa imetoka kwetu.

Waliochimba jiwe lile na kulitia mifukoni hawakuambiwa linakwenda wapi wala litafanya nini. Hawakuambiwa ya kwamba lina nguvu ya kuwadhuru. Jina la mgodi lenyewe halikutakiwa kutajwa. Mbele ya uhuru wa mwaka 1960 mashimo yakafungwa, na wenyeji wakabaki na udongo. Naandika haya kwa uchungu, kwa maana hapa ndipo nilipoona kosa kubwa kuliko yote la gazeti la Vienna na la wapelelezi walioliiga. Waliandika neno «migodi ya uraniumu» ili habari ya sahani ipate utamu. Mgodi kwao ni pambo. Hakuna swali hata moja juu ya watu waliokuwa mgodini, ambao walikuwa wakifanya kazi ndani ya siri kubwa kuliko sahani zote za Marekani.

Na pale ambapo wakubwa hunyamaza, watu hujaza. Wazee wa Katanga wanakumbuka maneno ya batumbula, wale watu wa usiku ambao, kama ilivyosemwa miaka ya 1940, waliwakamata Waafrika na kuwapeleka kwa Wazungu waliwe. Hakuna aliyeliwa. Lakini aliyetumwa kazini bila kuelezwa, aliyeona mwenzake akiugua bila kuelezwa, alikuwa na haki ya kujiuliza. Siwacheki wazee wale. Na kwa sababu siwacheki wao, siwezi kumcheka mwanafunzi wangu mwenye simu.

Sasa kuna neno moja ambalo hurudishwa kila mara na watetezi wa siri: kwamba watu hawako tayari. Wakijulishwa kuwa kuna viumbe wenye akili mahali pengine, eti watachanganyikiwa na dini zao zitaanguka. Vijana wengi hutaja hati ya taasisi ya Brookings, iliyoandikwa mwaka 1960 kwa ajili ya NASA, kana kwamba ilikuwa amri ya kuficha. Huo nao ni usomaji mbaya. Hati ile haikuwa siri. Iliwekwa mbele ya bunge la Marekani mwaka 1961. Habari ya viumbe ni sehemu ndogo tu ndani yake. Waandishi waliuliza, hawakuamuru: ni katika hali gani habari kama hiyo itangazwe, ama izuiwe? Wakakumbusha kwamba yapo mataifa yaliyojiamini, ambayo yalivunjika yalipokutana na wageni wenye mawazo na mwenendo mwingine, na kwamba yaliyopona yalilipa kwa kubadilika. Aliyezaliwa Congo asoma mistari hiyo polepole. Mababu zetu hawakuulizwa kama wako tayari. Wageni walifika, na waliokuwa na habari za wageni hao walikuwa ng'ambo ya bahari, wakigawana nchi juu ya meza ya Berlin mwaka 1884 na 1885.

Hati hiyo ina neno lingine la kuchekesha kidogo, ambalo wanaoitaja hulisahau. Yasema kwamba labda watakaoumia kuliko wote wakikutana na viumbe wenye akili kubwa zaidi ni wataalamu wa sayansi na mainjinia, kwa kuwa kazi yao nzima ni kuitawala dunia kwa akili. Si wakatekista! Mwaka 2008 Ted Peters, mwalimu wa teolojia wa Kiluteri huko California, aliwauliza watu zaidi ya 1,300 wa dini mbalimbali na wasio na dini. Wengi wa waamini walijibu kwamba imani yao wenyewe haitatikisika. Waliodhani zaidi kwamba dini zitaanguka walikuwa wale wasio na dini, nao walisema hivyo juu ya dini za wengine. Mimi naona hapo jambo zima la «watu hawako tayari» limefunuliwa: ni neno ambalo mtu humsemea jirani yake.

Upande wa Eklezia, wasomaji hawa hawahitaji somo refu. Mwaka 1277 askofu Tempier wa Paris alikataza kufundisha kwamba Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Mwaka 2008 padri José Gabriel Funes, Myezuiti, aliyekuwa mkubwa wa nyumba ya kutazamia nyota ya Vatikano, alieleza katika *L'Osservatore Romano* kwamba kusadiki viumbe wa namna hiyo hakupingani na imani. Na marehemu Papa Fransisko, katika mahubiri ya Misa tarehe 12 Mei 2014, akieleza habari ya Petro na wapagani wa kwanza, aliuliza tungefanya nini kama watu wa nyota ya Mars, wa rangi ya kijani na wenye masikio makubwa kama watoto wawachoravyo, wangekuja kuomba ubatizo. Alikuwa akisema juu ya milango yetu, si juu ya Mars. Maswali ya kweli yapo, juu ya Umwilisho na Ukombozi, na wanafunzi wa mwaka wa tatu na wabishane juu yake. Si kazi ya ukurasa huu.

Haifai kudhani kwamba shauri limekwisha. Mwezi wa Juni 2021 serikali ya Marekani ilitangaza matukio 144 yaliyoonwa hasa na askari wake tangu mwaka 2004, na moja tu liliweza kuelezwa kwa hakika: lilikuwa baluni iliyokuwa ikinywea. Mwezi wa Julai 2023 aliyekuwa afisa wa upelelezi, David Grusch, aliapa mbele ya bunge kwamba serikali inaficha vyombo na mabaki ya wasio watu. Vitu vyenyewe hakuviona kwa macho, aliambiwa na wengine. Mwezi wa Machi 2024 ofisi ya jeshi iliyopewa kazi hiyo iliandika kwamba haikupata alama yoyote ya jambo hilo. Nimesoma pande zote mbili. Kwa Grusch nauliza kama nilivyouliza kwa Pierre: nani aliona, lini, wapi? Kwa ofisi nauliza: mlipoficha ndege zenu miaka mingi, mlitegemea nini kwa raia wenu?

Nilipomaliza kumweleza mwanafunzi wangu hayo yote, alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama basi hakuna kitu kilichopita juu ya Katanga mwaka ule. Nikamjibu kwamba karatasi haiwezi kutuambia, kwa kuwa haikumwuliza mtu yeyote wa huko. Naye ni mtoto wa Kasenga. Likizo ikifika atakwenda kuwatafuta wazee waliokuwa watoto wakati ule, kwenye kingo zote mbili za mto, bila kutaja neno sahani mbele yao. Nimempa daftari. Nimemwambia aandike jina kamili la kila mmoja, na kijiji chake, na mwaka ambao yeye mwenyewe aukumbuka. Na wakimsimulia habari za mawe badala ya habari za angani, aziandike vilevile.